Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kutambua Chombo Halisi cha Fedha cha Mtindo wa Neoklasiki cha Uingereza

Wengi wanaonunua au kurithi vyombo vya fedha vya mtindo wa neoklasiki, yaani mtindo wa karne ya 18 ulioiga sanaa ya kale ya Kiyunani na Kirumi, huangukia kosa lile lile. Wakiona koja la maua limechorwa ubavuni mwa buli, au jagi lenye umbo la mtungi wa Kiyunani, wanatamka papo hapo kwamba chombo ni cha miaka ya 1780. Baada ya kukilipia ndipo wanapoambiwa kwamba kilitengenezwa zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Nakshi ndicho kitu rahisi kuliko vyote kuigwa. Mafundi wa London, Birmingham na Sheffield waliurudia mtindo huu kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na vyombo vya marudio hayo vingali vinauzwa kila mahali. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kitakoni mwa chombo na kuiacha nakshi hadi karibu na mwisho. Unahusu fedha ya Uingereza iliyofanyizwa kati ya mwaka 1770 na 1800 hivi, na chombo tutakachokuwa nacho mkononi kwa sehemu kubwa ni buli la chai.

## Vifaa vinavyohitajika

- Lenzi ya sonara yenye uwezo wa kukuza mara 10. Kioo cha kusomea magazeti hakitoshi.
- Taa moja ndogo inayoweza kusogezwa. Taa nyingi kwa pamoja huua vivuli, na vivuli ndivyo tunavyovitafuta.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu, ikiwezekana hadi sehemu ya kumi ya gramu.
- Sumaku, uzi mwembamba na bakuli la maji.
- Kitambaa laini cha pamba na glavu za pamba.
- Jedwali la mihuri ya Uingereza, yaani alama ndogo zinazopigwa kwenye fedha iliyopimwa, lenye picha za herufi za miaka kwa kila mji. Usitegemee kumbukumbu, hata kama una uzoefu.
- Daftari na kalamu ya risasi.

Dawa ya kung'arishia haimo katika orodha hii kwa makusudi, na asidi ya kupimia haimo pia. Tone la asidi huacha doa la kudumu, na chombo kilichodumu zaidi ya karne mbili hakistahili kutiwa doa kwa ajili ya jibu linaloweza kupatikana kwa njia nyingine.

## Hatua ya 1: Kitazame kabla ya kukisafisha

Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha uache hapo. Weusi uliotulia katika mikato ya nakshi na pembeni mwa mihuri ni ushahidi, kwa sababu unaonyesha mahali ambapo mikono na vitambaa vya vizazi vingi havikufika. Ukiuondoa leo, hutaweza kuurudisha.

Shika buli kwa tumbo lake, usilishike kwa mkono wake wala kwa mdomo. Mikono ya mabuli ya wakati huo kwa kawaida ni ya mbao, imeingizwa katika soketi za fedha na kukazwa kwa pini, na mbao kuukuu huachia bila taarifa.

Sogeza taa upande mmoja na ulizungushe buli polepole. Ukiona kivuli cha kijivu kilichochanganyika na zambarau katika uso wa fedha, usidhani ni uchafu. Hilo ni doa la moto: fedha ya stalingi ina sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, na iliyobaki kwa kawaida ni shaba, ambayo huungua na kuacha kivuli chini ya uso fundi anapokipasha moto chombo akifanya kazi. Kulikuta doa hilo ni habari njema, kwani chombo kilichopakwa fedha kwa umeme hakina.

## Hatua ya 2: Thibitisha metali

Anza na sumaku. Ikinata, chombo kina chuma ndani yake, na hapo uwe mwangalifu na vinara vya mishumaa, maana vinara vingi vya Sheffield vilipigwa kwa bamba jembamba la fedha halisi, vikajazwa lami au utomvu na kutiwa fimbo ya chuma katikati. Sumaku inaweza kuvutwa na fimbo hiyo ilhali ganda la nje ni stalingi.

Kwa kijiko au kitu kingine kisicho na mbao wala kitu kilichojazwa ndani, pima uzito wa kila sentimita ya ujazo. Kipime kikavu na uandike gramu zake. Weka bakuli la maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri, kisha kining'inize kijiko kwa uzi mpaka kizame chote bila kugusa bakuli. Namba itakayosomeka ni ujazo wake. Gawanya uzito kwa namba hiyo. Kijiko cha gramu 62 kinachosoma 6.0 majini kinatoa 10.3, na stalingi hukaa karibu na 10.3 au 10.4. Ukipata namba iliyo karibu na 8.7 au 8.9, unashika aloi ya nikeli au shaba iliyopakwa fedha.

Jihadhari pia na shaba ya Sheffield, ambayo ni shaba nyekundu iliyounganishwa na fedha kwa joto na kubanwa kuwa bamba moja. Thomas Boulsover aliigundua njia hiyo mjini Sheffield mwaka 1743, na vyombo vya shaba hiyo vya miaka ya 1780 ni vya kale kweli na vizuri kweli, ila si fedha tupu. Tazama kingo na sehemu zilizosuguliwa sana: wekundu wa shaba utachungulia. Upakaji wa umeme ulikuja baada ya kampuni ya Elkington kupata hataza yake mwaka 1840, kwa hiyo chombo kilichotengenezwa kwa njia hiyo hakiwezi kuwa cha karne ya 18, hata kama herufi zake EPNS (kifupi cha Kiingereza cha aloi ya nikeli iliyopakwa fedha kwa umeme) zimepigwa ndani ya ngao ndogo ndogo ili zifanane na mihuri.

Hatua hii imekamilika unapoweza kuandika neno moja bila wasiwasi: stalingi, Sheffield, au umeme. Ukishindwa kuchagua, usiendelee mbele.

## Hatua ya 3: Soma mihuri kwa utaratibu

Hapa ndipo pa kutumia muda mrefu kuliko pengine pote. Geuza buli, weka taa kwa pembe ya chini, na utafute mihuri kitakoni. Chombo cha London cha mwaka 1789, kwa mfano, kinatakiwa kuwa na mihuri mitano.

Wa kwanza ni wa fundi, kwa kawaida herufi za mwanzo za majina yake. HB kwa mwandiko wa kuunganisha ni Hester Bateman, mjane aliyesajili muhuri wake mwaka 1761 na kustaafu mwaka 1790. Kwa kuwa jina lake linapandisha bei, limeigwa mara nyingi.

Wa pili ni simba anayetembea, alama ya stalingi. Wa tatu ni kichwa cha chui, alama ya London. Wa nne ni herufi ya mwaka. Wa tano ni kichwa cha mfalme, kinachothibitisha kwamba ushuru umelipwa.

Herufi za London zilikwenda kwa mzunguko wa miaka 20, kuanzia A hadi U bila J, na zilibadilishwa kila mwezi wa Mei. Mwaka 1776 ulianza na a ndogo, na mwaka 1796 ukaanza na A kubwa. Tatizo ni kwamba mizunguko hiyo ilirudi: A kubwa ilianza tena mwaka 1876, na a ndogo ikaanza tena mwaka 1896. Kwa hiyo herufi o ndogo ni ya 1789, na pia ni ya 1909, yaani katikati kabisa ya kipindi cha marudio. Mtu anayetazama herufi peke yake anaweza kukosea kwa miaka 120 huku ameshika jedwali sahihi mkononi.

Wekea lenzi alama nyingine, nazo zitakuamulia:

- Katika muhuri wa 1789 chui amevaa taji. Katika ule wa 1909 hana, kwani London ilimvua taji mwaka 1821.
- Simba wa 1789 amegeuza uso kukutazama wewe. Simba wa 1909 anatazama mbele aendako.
- Muhuri wa 1789 una kichwa cha Mfalme George III akitazama kulia, kikiwa kimeinuka ndani ya fremu yake. Chombo cha 1909 hakina kichwa chochote, maana ushuru huo ulifutwa mwaka 1890.

Kichwa cha mfalme kilianza kupigwa Desemba 1784. Katika miaka ya mwanzo, hadi 1786, kilizamishwa ndani ya fedha na kilitazama kushoto. Kwa hiyo buli lenye herufi ya mwaka 1780 likiwa na kichwa cha mfalme lina kasoro ya kueleza, na buli la 1792 lisilo nacho lina kasoro vile vile. Kwa mzunguko wa A kubwa ulioanza mwaka 1876, kichwa cha Malkia Victoria kinachotazama kushoto kitakuonyesha mara moja kwamba chombo si cha karne ya 18.

Birmingham na Sheffield zilipata ofisi zao za kupima fedha mwaka 1773. Ya kwanza hupiga nanga na ya pili ilipiga taji. Herufi zao zina mizunguko yake, na za Sheffield hazikufuata mpangilio wa alfabeti hadi mwaka 1824, kwa hiyo usijaribu kukisia.

Ukikuta kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Kirumi, aliyevaa kofia ya vita, chombo ni cha Ufaransa na hakikupigwa muhuri huo kabla ya mwaka 1838, hata makoja yake yawe mazuri namna gani. Na ukikuta mihuri mingi ya ajabu isiyomo katika jedwali lolote, fikiria Hanau, mji wa Ujerumani ambao warsha zake zilibuni mihuri yenye sura ya kale.

Onyo. Muhuri halisi umepigwa kwa chuma, hivyo kingo zake ni kali na chini yake ni laini. Muhuri uliotoka katika kalibu pamoja na chombo chenyewe una kingo za mviringo na vijitundu kama vya mchanga. Ukiwa na vijiko sita ambavyo mihuri yake imekaa mahali pale pale kabisa, na mikwaruzo yake inafanana, vimemiminwa kutokana na kijiko kimoja.

Usisahau kifuniko. Sehemu inayobanduka au kufunguka inatakiwa kuwa na walau simba na muhuri wa fundi, na fundi huyo awe yule yule wa kitakoni.

## Hatua ya 4: Tafuta mishono kwa pumzi

Mabamba ya fedha yaliyobanwa kwa mashine yaliwawezesha mafundi wa miaka ya 1780 kukata bamba, kulikunja kuwa umbo la yai, na kulilehemu badala ya kulifua kwa nyundo kutoka kipande kimoja. Mshono huo kwa kawaida umefichwa nyuma ya mkono wa buli. Kuukuta hapo ni dalili nzuri.

Ili kuuona, weka chombo mahali penye ubaridi, kisha kipulizie pumzi ya kinywa yenye joto na utazame unyevu unavyokauka. Mstari wa lehemu, kwa kuwa si fedha ile ile, hujitokeza kwa rangi tofauti kwa sekunde chache. Rudia mara kadhaa, kila mara ukisogeza taa.

Sasa fanya hivyo kuzunguka mihuri. Ukiona duara au mraba wa lehemu unaoizingira, mihuri hiyo imekatwa kutoka chombo kingine kidogo na kupandikizwa. Ukiona mihuri imejipanga katika mstari mwembamba uliobanana kitakoni mwa buli kubwa, jiulize kama haikutoka kwenye mpini wa kijiko, kwa sababu hadi karibu mwaka 1780 vijiko vilipigwa mihuri hivyo, karibu na kikombe chake.

Pulizia pia pale mkono, mdomo na miguu inapoungana na mwili. Birika la maji lililogeuzwa jagi, au kikombe kikubwa kilichotiwa mdomo na familia iliyopenda kukitumia upya, hujifichua hapo. Sheria ya Uingereza hairuhusu kuuza chombo kilichoongezewa au kubadilishwa namna hiyo bila kupimwa upya, hivyo hasara yake si ya heshima tu, ni ya fedha pia.

## Hatua ya 5: Linganisha uzito na namba zilizokwaruzwa

Mara nyingi utaona chini ya chombo namba mbili zilizokwaruzwa kwa ncha kali, kama 13 na 10. Ya kwanza ni wakia za masonara, kila moja gramu 31.1, na ya pili ni peniweti, ambazo 20 hufanya wakia moja. Hapa ni wakia 13 na nusu, yaani gramu 420 hivi.

Pima buli. Likipungua gramu chache, hilo ni tokeo la kung'arishwa kwa miaka mingi. Upungufu wa wakia nzima unaonyesha kwamba kitu kimeondolewa, na uzito uliozidi unaonyesha kwamba kitu kimeongezwa, ingawa mkono wa mbao uliobadilishwa unaweza kueleza tofauti ndogo kwa upande wowote.

## Hatua ya 6: Sasa tazama umbo na nakshi

Mpaka hapa metali, mihuri na mishono imeshakuambia mengi. Nakshi inakuja kuthibitisha au kupinga.

Mabuli ya miaka ya 1770 mara nyingi ni ya duara yenye pande zilizosimama. Ya miaka ya 1780 ni ya umbo la yai, kitako bapa, mdomo ulionyooka. Kwa kuwa kitako hicho kiliunguza meza, yalitengenezewa kisahani cha kusimamia chenye miguu minne, na buli lililobaki na kisahani chake cha asili ni hazina. Katika miaka ya 1790 pande zilianza kupigwa mifereji na mawimbi. Buli la mstatili lililofura, lililosimama juu ya miguu ya vigololi, limeshavuka mwaka 1800. Jagi la maziwa la umbo la kofia ya vita na kikapu cha sukari cha umbo la mashua ni vya miaka ya 1780 na 1790.

Kingo za shanga ndogo ndogo zilipendwa zaidi kati ya 1775 na 1790, kisha mistari myembamba iliyolala sambamba ikachukua nafasi. Kwa lenzi, ukingo halisi wa shanga ni waya uliolehemiwa, na mahali ncha zake zinapokutana panaonekana.

Kisha njoo kwenye nakshi yenyewe: makoja yaliyoning'inia kwa utepe, vichwa vya kondoo dume, maua ya duara, na ngao ya umbo la yai yenye herufi za mwenye mali. Kipindi hiki kina aina yake ya mchoro ambayo kwa maoni yangu ndiyo kilele cha kazi ya wachoraji wa London, nayo ni mikato ing'aayo. Mchoraji aliing'arisha ncha ya patasi yake kabla ya kukata, akaishika kwa kuilaza, na kila mkato ukaacha uso mdogo laini unaorudisha mwanga. Weka taa moja na ugeuze buli polepole: majani yatawaka upande mmoja na kuzimika, kisha yawake ya upande wa pili, yakifuatana kuzunguka tumbo la buli kama jua linapopita juu ya mawimbi madogo. Koja lililopigwa kwa kalibu ya mashine haliwezi kufanya hivyo, kwa maana halina nyuso zilizokatwa. Lina matuta tu.

Linganisha mikato iliyojificha karibu na soketi ya mkono na ile ya katikati ya tumbo. Ya kwanza inapaswa kuwa mikali, na ya pili iwe imelainika kwa kuguswa. Mikato mikali kila mahali juu ya fedha iliyochakaa imekatwa upya. Pulizia pumzi juu ya ngao pia, kwani majina ya ukoo yaliyofutwa hurudi kama kivuli, na pale yalipofutwa bamba huwa jembamba kiasi cha kubonyea ukiligusa kwa kidole gumba. Usilibonyeze kwa nguvu.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni nafasi tupu. Fundi wa 1785 aliacha sehemu kubwa ya fedha bila chochote, akaamini umbo lenyewe. Warsha za marudio ziliogopa utupu huo, zikajaza makoja, tepe na medali kila upande.

## Hatua ya 7: Angalia kama kuna pembe za ndovu

Mkono wa mbao unalingana na karne ya 18. Mkono wa fedha wenye vipande viwili vyeupe vya kuzuia joto ni tabia ya karne ya 19, ingawa unaweza kuwa umepachikwa baadaye. Vipande hivyo mara nyingi ni pembe za ndovu.

Uingereza inadhibiti biashara hiyo kwa sheria ya mwaka 2018. Chombo cha kabla ya 1947 chenye pembe chini ya asilimia 10 ya ujazo wake kinaweza kuuzwa iwapo kimesajiliwa kwanza. Kukivusha mpaka, ikiwemo kukileta Kenya au Tanzania, kunahitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ulizia kabla ya kulipa, si ukiwa uwanja wa ndege.

## Hatua ya 8: Safisha kidogo, hifadhi vizuri

Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitambaa cha pamba, kisha ukaushe papo hapo. Usiloweke mkono wa mbao. Usitie kinara kilichojazwa utomvu katika maji ya moto, kwa kuwa utomvu huo utayeyuka. Usichovye chombo katika dawa inayoondoa weusi papo hapo, maana hunyonya weusi wote wa mikato na kuiacha nakshi ikiwa imefifia.

Hifadhi katika karatasi isiyo na asidi au kitambaa maalumu cha fedha. Epuka mpira na sufu, ambavyo vina salfa inayoifubaza fedha. Kwa walioko Mombasa, Tanga au Unguja, unyevu wa mwambao huharakisha kazi hiyo, kwa hiyo pakiti ya kunyonya unyevu ndani ya kabati ni ya lazima. Chumvi ni adui mkubwa zaidi: usiiache hata usiku mmoja ndani ya kichombo chake cha fedha, hata kama kina bakuli la kioo cha buluu.

## Hatua ya 9: Andika hukumu yako

Katika daftari, andika kwa mpangilio huu: aina ya chombo, metali, mji, mwaka, fundi, uzito wa sasa na uliokwaruzwa, matengenezo yaliyoonekana, kisha nakshi. Kwa mfano: buli la umbo la yai, stalingi, London 1789, kifuniko kina simba na muhuri wa fundi yule yule, gramu 414 dhidi ya 420 zilizokwaruzwa, mshono nyuma ya mkono, hakuna lehemu kuzunguka mihuri, mikato ing'aayo imelainika katikati.

Piga picha za mihuri kwa taa ya upande, moja moja. Ikiwa mihuri na nakshi zinapingana, amini mihuri. Ikiwa mihuri na mishono zinapingana, amini mishono. Na mashaka yakibaki, usikiuze wala kukinunua chombo hicho kabla ya kukipeleka katika ofisi ya kupima fedha ya Goldsmiths' Company, chama cha masonara, mjini London, ambayo ina kamati maalumu ya vyombo vya kale vinavyotiliwa shaka.